Nguo ya Ndege na Maji ya Ng'ambo

Wanawake wa Ifakara walikuwa hawanunui nguo bila kumtafuta Siwema kwanza. Hata yule aliyekwisha kukata shauri, mpunga wake uko kichwani tayari kwenda kubadilisha, alipita barazani kwake akamwambia, "Dada, nisindikize dukani." Naye Siwema angeacha mchele kwenye ungo, ajifute mikono, aende. Hakuwa mtu wa kubembelezwa kwa jambo hilo. Alilipenda, na tuseme ukweli, lilimvimbisha kichwa.

Baba yake alikuwa mpagazi. Alibeba pembe za ndovu za watu wa pwani kutoka bonde la Kilombero mpaka Kilwa, akarudi na marobota ya nguo, mwaka baada ya mwaka, mpaka bega lake likaota sugu kama kisigino. Ndiye aliyempa binti yake jina la Siwema, jina alilolisikia huko pwani likampendeza, na ndiye aliyemfundisha nguo. Alikuwa akimketisha mbele yake, anampa kipande mkononi, anamwambia afumbe macho. Macho, alisema, yanadanganywa na weupe. Vidole havidanganyiki upesi. Siwema akakua anaijua nguo kwa vidole, kama wenzake walivyoujua mchele mpya kwa kuunusa.

Duka lenye nguo za maana lilikuwa moja, la Sadallah, mtu wa Kilwa aliyeoa hukohuko bondeni akasahau kurudi. Alikuwa na aina mbili za nguo nyeupe. Ya kwanza ilikuwa merikani yenyewe, nzito, iliyofumwa ikafumika, na kwenye kichwa cha kila jora ilipigwa chapa ya wino wa buluu: ndege aliyetandaza mabawa. Watu waliiita nguo ya ndege. Kwa kuwa chapa ilikuwa moja tu kwa jora zima, aliyewahi kukatiwa kipande cha mwanzo ndiye aliyempata ndege, na akishampata alimvaa nje, begani au kiunoni, kila mtu amwone. Wengine walifua nguo nzima wakamruka ndege asije akapauka. Ulimkuta mtu nguo yake safi kama ua la pamba, mahali pa ndege pameingia weusi wa jasho, naye anatembea kifua mbele.

Ya pili ilikuwa ya Sadallah mwenyewe. Aliinunua pwani kwa Wahindi ikiwa haina alama yoyote, akaileta, kisha akachonga kibao cha mti chenye umbo la birika la kahawa, akakichovya kwenye wino na kuigonga chapa yake. Aliiuza kwa mpunga mchache, karibu nusu ya ule wa nguo ya ndege. Wenye kipato kidogo walishukuru. Siwema hakushukuru. Alikuwa na neno lake alilokuwa akilisema mbele ya wateja, Sadallah akiwa palepale anasikia: "Birika hili linavuja."

Na alikuwa akiwaonyesha linavyovuja. Alikunja ncha ya nguo, akaichovya kwenye kata ya maji, akaifikicha baina ya viganja, kisha akaikamua. Yalitoka maji meupe mazito kama uji wa mtoto. Huo ulikuwa wanga, uliotiwa ili nguo isimame na ionekane nzito. Baada ya hapo aliinua ile ncha juani, wanawake wakaona mwanga unapita kama kwenye chekeche.

"Mama Tamimu," Sadallah alimwambia siku moja, bila hasira, maana alikuwa mtu mpole aliyezoea kuchokozwa, "wanga ukishatoka kinachobaki ni pamba. Na pamba ni pamba."

"Pamba ni pamba," Siwema akajibu, "lakini nyingine imesokotwa, nyingine imelazwa tu ikapumzike."

Wanawake wakacheka. Sadallah naye akacheka, akaikunja nguo yake akairudisha kwenye rafu. Haki ni kwamba nguo ya birika haikuwa mbaya kiasi hicho. Ilikuwa nyepesi, na aliyeifua kwa kuipigiza jiweni aliimaliza upesi, lakini aliyeifua taratibu aliivaa misimu kadhaa. Mdogo wake Siwema, mjane kama yeye, hakuwa na uwezo wa nyingine. Ndiyo aliyomvika mwanawe wa pekee. Mwana huyo wakati ule alikuwa na jina la ukoo tu. Miaka michache baadaye misheni ilimbatiza Hermenegildi, na kwa kuwa ndilo jina alilozeeka nalo, ndilo tutakalomwita.

Siwema naye alikuwa na mwana mmoja, Tamimu. Hao wawili, Tamimu na Hermenegildi, walikua kama pacha. Mmoja akienda kutega samaki kwenye mbuga iliyofurika, mwingine yuko nyuma amebeba mgono. Tamimu alikuwa mzito wa maneno, mwepesi wa kucheka, na hakuwahi kumbishia mama yake mpaka mwisho wa jambo. Angebisha kidogo, kisha akafanya alivyoambiwa. Siwema alilihesabu hilo kuwa ni adabu.

Mwaka mmoja mpunga ulijaa maghala. Siwema akawahi jora jipya la nguo ya ndege, akakatiwa kipande cha mwanzo, doti mbili nzima zikiwa na ndege wake. Hakuzivaa. Alizikunja, akazitia kwenye kikapu chenye majani makavu ya tumbaku wadudu wasizisogelee, akakitundika juu ya kitanda. Zilikuwa za siku ya Tamimu kuoa.

Halafu ukaja mwaka wa pamba. Mjerumani aliwataka watu walime shamba la pamba la akida, na aliyechelewa alilazwa chini akachapwa kiboko mbele ya wakwe zake. Mpunga wa mtu ulikauka yeye akiwa anapalilia pamba isiyokuwa yake. Hatuna haja ya kueleza zaidi, kila nyumba ya bonde hili ina mzee aliyerithi habari hizo. Katikati ya uchungu huo ndipo habari ya maji ilipofika, ikapanda na mto kutoka upande wa Ngarambe. Kuna dawa, watu walinong'ona, imetoka majini, na aliyeinywa na kunyunyiziwa, risasi ya Mjerumani itamdondokea kama tone la mvua.

Ilipofika bondeni ilikuja kwa njia mbili. Njia ya kwanza ilikuwa mzee mmoja wa Idete, ambaye watu walimjua tangu zamani kwa kutibu minyoo ya watoto. Alisema ameonana na wenye dawa na wamempa idhini. Alichota maji ya kijito kilichopita nyuma ya nyumba yake, akatia mtama na mafuta ya nyonyo, akanuizia, akagawa. Alipokea kikapu cha mtama, na asiyekuwa nacho alipewa bure. Njia ya pili ilikuwa ng'ambo ya mto, upande wa Lupiro. Huko alipiga kambi mjumbe aliyesemekana ametoka Ngarambe mwenyewe, na wafuasi wake, na mtungi uliofunikwa ambao haukuguswa na mtu mwingine. Yeye alimfunga kila aliyekunywa utepe wa mwanzi kwenye paji la uso, umesukwa kwa namna yake. Mzee wa Idete naye alikuwa akifunga utepe, lakini wa kwake ulikuwa unyasi tu uliopigwa fundo. Mjumbe wa ng'ambo hakupokea mtama. Alipokea nguo.

Tamimu na Hermenegildi walikubaliana kwenda Idete. Siku waliyotaka kuondoka, Siwema aliwakuta uani wanatayarisha vikapu vyao vya mtama.

"Mnakwenda wapi?"

"Idete, mama," Tamimu akasema. "Kuchukua maji."

"Kwa yule wa minyoo?"

Hermenegildi akainama kuficha kicheko. Tamimu akasema, "Wanasema ni yaleyale. Maji ni maji, mama."

Angesema neno jingine lolote, pengine mambo yangekwenda vingine. Lakini alisema neno lilelile la Sadallah, na Siwema alilisikia kwa sikio la dukani. Akaona mbele yake maji meupe yanakamuliwa kwenye ncha ya nguo. Akaona kijito cha Idete, ambamo watu waliosha vyungu na mbuzi walikunywa, kimetiwa mtama ili kionekane kizito. Mwanawe wa pekee alikuwa anakwenda kusimama mbele ya bunduki akiwa amevaa birika.

"Hutakunywa maji ya kuigiza," alisema. "Kitu kikiwa ni cha roho ya mtu hununui cha bei rahisi. Utavuka ng'ambo."

"Mama, kule wanataka nguo."

"Nguo ninayo."

Tamimu akabisha kidogo, akasema ile ni nguo ya harusi, akasema Hermenegildi hana nguo ya kutoa na wao wamezoea kwenda pamoja. Siwema alikuwa na doti mbili, na wazo la kumpa mpwa wake moja lilimpitia. Alilisikia likipita, akaliacha liende. Alijiambia ile ya pili Tamimu ataihitaji mwilini. Hermenegildi alilitambua hilo usoni mwake, akasema kwa upole, "Si neno, mama mkubwa. Mimi Idete inanitosha." Akajitwika kikapu chake akaondoka peke yake.

Siku hizohizo Sadallah alikuwa anafunga duka. Watu wa pwani walikuwa wameanza kutazamwa vibaya kwa kuwa akida naye alikuwa wa pwani, na mkewe alimsihi waondoke mapema. Siwema alimkuta anafunga marobota. Kwa sababu alikuwa na furaha ya mtu aliyefanya ununuzi mzuri, alimweleza: maji ya Idete, maji ya ng'ambo, na yeye amechagua yapi.

Sadallah aliendelea kufunga kamba. Kisha akasema, "Mama Tamimu, wewe nguo unaijaribu kwa maji, na hujapata kukosea. Sasa maji utayajaribu kwa kitu gani?"

Siwema aliona ni wivu wa mfanyabiashara aliyechoka kudharauliwa bidhaa zake. Alimtakia safari njema, akaenda zake, na njia nzima alikuwa na jibu la kumkomesha ambalo hakulipata dukani. Baadaye katika maisha yake, kila alipokumbuka njia ile, alishindwa kulikumbuka jibu lenyewe.

Walivuka kwa mtumbwi, yeye na Tamimu. Mjumbe alipokea doti moja, akaipapasa, akaitazama, na Siwema akapenda kwamba mtu yule anajua nguo. Tamimu alikunywa, akanyunyiziwa kichwani na kifuani, akafungwa utepe. Ulikuwa umesukwa vizuri kwelikweli. Waliporudi mtoni Siwema aliugusa kwa kidole, akafumba macho kama alivyofundishwa, akaridhika.

Bondeni vita vikaanzia palepale Ifakara. Askari waliokuwa kwenye boma dogo walikuwa wachache, wakazidiwa wakauawa, na bonde zima likapiga vigelegele. Maji yameshinda. Vijana wa maji ya ng'ambo walirudi wote. Wa Idete alianguka mmoja, kijana wa watu, na Siwema, tusimfichie, aliwaambia wanawake kisimani, "Si nilisema?" Mama wa kijana yule alikuwa ndani analia, sauti yake inafika kisimani. Wanawake walimtazama Siwema vibaya, lakini wengi wao walikwenda nyumbani wakatafuta nguo za kupeleka ng'ambo.

Kutoka hapo jeshi likapanda kwenda Mahenge, kwenye boma kubwa. Asubuhi ya kuondoka Siwema alikishusha kile kikapu. Akaitoa doti iliyobaki, ile yenye ndege, akamfunga mwanawe kwa mikono yake, ndege akakaa kifuani upande wa kushoto. Nguo ilikuwa mpya, nyeupe, ngumu bado. Wengine walikuwa wamevaa kaniki kuukuu na magome, na Hermenegildi alikuwa na birika lake lililofuliwa mpaka likawa na rangi ya udongo. Katika umati ule Tamimu alionekana kutoka mbali. Siwema alimtazama mpaka njia ilipompeleka nyuma ya majani marefu, na weupe wake ulikuwa wa mwisho kupotea. Alirudi nyumbani moyo umetulia. Alikuwa amempa kila kilicho bora, na hakuna mama wa Ifakara aliyeweza kusema kama yeye.

Wengi waliorudi walirudi mmojammoja, kwa njia za porini, hawataki kuonana na watu. Hermenegildi alifika mchana, jua kali, nguo yake imechanika mgongoni. Hakwenda kwa mama yake kwanza. Alikuja kwa Siwema, akamwamkia shikamoo, kisha akakaa chini mavumbini, si kwenye kigoda alichoonyeshwa.

Siwema akajua. Akasema, "Nieleze yote. Usinipunguzie."

Naye akaeleza. Walipofika chini ya boma, viongozi waliwapanga. Wenye utepe wa ng'ambo walitangulizwa mbele, kwa kuwa maji yao yalikuwa na jina na kila mtu aliyaamini. Wa Idete waliwekwa nyuma. Walipotenganishwa Tamimu alimshika mkono akamwambia, "Ningekuwa na maji yako ningekaa na wewe." Kisha akaenda.

"Kule juu wana bunduki inayotema mfululizo," Hermenegildi akasema. "Bombomu. Ilipoanza, sisi wa nyuma tulilala chini palepale. Mama mkubwa, sisi tulikuwa na mashaka na maji yetu tangu mwanzo. Lakini wa mbele hawakulala. Waliona wenzao wanaanguka wakadhani wamejikwaa, wakawaruka, wakaendelea. Walikuwa wanaimba."

"Na yeye?"

"Na yeye alikuwa anaimba."

Moshi ulipotulia alirudi kutambaa kwenye mteremko. Hermenegildi alimtambua Tamimu kwa nguo. Hakuwa na nguvu za kumbeba, na askari walikuwa wanakuja. Alimfunika matawi, akakata kipande cha nguo kwa kisu ili mama apate kitu. Sasa alikitoa ndani ya mfuko wa ngozi aliouvaa shingoni, akakitandaza juu ya paja lake, akampa kwa mikono miwili.

Alikuwa ndege. Katikati ya bawa moja palikuwa na tundu, si kubwa, na pembeni yake damu imekauka ikawa hudhurungi. Siwema alikipokea. Na vidole vyake, vidole vile vilivyofundishwa na baba yake, vilifanya kazi yake bila kuambiwa. Vilizunguka ukingo wa tundu, vikavuta uzi, vikasugua. Hakuna uzi uliotoka. Risasi ilikuwa imepita na kitambaa hakikufumuka hata kidogo. Ilikuwa nguo safi, iliyosokotwa, nzuri kuliko zote alizopata kushika. Alipolitambua hilo ndipo alipopiga yowe, na majirani wakajua.

Kwa miezi mingi Siwema hakuweza kumtazama Hermenegildi. Kila alipopita na lile birika lake chakavu, moyo wake ulijaa chuki, na alijua ni chuki. Mbona nguo hii isiyo na maana imerudi na mtu ndani yake? Mbona maji ya kijito, maji ya mzee wa minyoo? Alimchukia kwa kuwa hai, kisha akajichukia, kisha akarudia kumchukia kwa kuwa hilo lilikuwa jepesi zaidi. Na palikuwa na lile wazo la doti ya pili, alilolisikia likipita siku ile akaliacha. Lingekuwa limesimama, angekuwa amewapoteza wote wawili, naye mdogo wake asingebaki na mtu. Hakujua aushukuru uchoyo wake au aulaani.

Njaa ndiyo iliyowapatanisha. Askari walipita bondeni wakachoma maghala na mashamba, ikawa njaa ambayo watu walikula mizizi ya yungiyungi na ngozi za vigoda vyao. Mdogo wake Siwema alikufa. Mzee wa Idete naye alikufa, na aliyekuwa ng'ambo na mtungi wake hakuna aliyejua alikokwenda na zile nguo. Hermenegildi aliingia mbugani kila asubuhi, maji yakimfika kiunoni, akachimba mizizi, akarudi akaigawa nusu kwa nusu. Alikuwa anaweka fungu la Siwema mlangoni, juu ya jani, anaondoka. Siku moja Siwema alimsubiri mlangoni akamwambia, "Ingia ule hapa, mwanangu." Akaingia.

Baada ya miaka michache mpunga ulirudi, ingawa watu wa kuula walikuwa wamepungua. Sadallah naye akarudi, nywele zimekuwa nyeupe, akafungua duka palepale, jora la ndege upande huu na la birika upande ule. Wanawake walirudi kununua. Lakini Siwema hawakumpitia tena, maana waliomjaribu aliwajibu kwa kifupi, "Sijui nguo," akaendelea kupepeta. Wengi waliona ni huzuni. Wengine, wale waliotafuta nguo baada ya maneno yake kisimani, walikuwa na sababu zao za kutompitia, naye alizijua.

Hermenegildi akabatizwa, akapata mchumba, binti wa Lupiro aliyebatizwa Balbina. Siwema ndiye aliyekuwa amesimama mahali pa mama, na nguo ya bibi harusi ilikuwa juu ya mama wa bwana harusi. Hapo hakuwa na pa kukwepea. Wakaenda dukani, yeye, Balbina na Hermenegildi aliyebeba mpunga.

Sadallah aliwaamkia, akatandaza nguo mbili juu ya ubao. Hakusema ipi ni ipi. Balbina, msichana mwenye adabu asiyejua habari za mji huu, akamgeukia Siwema.

"Mama, watu wanasema hii ya birika siku hizi ni sawasawa na ya ndege. Ni kweli?"

Hermenegildi alitua mpunga polepole. Siwema akaomba kata ya maji, jambo ambalo Sadallah hakuwa amelisikia kwake tangu kabla ya vita. Akachovya ncha ya birika, akafikicha, akakamua. Wanga ukatoka. Akachovya ncha ya ndege. Yakatoka maji maangavu.

"Si sawasawa," akasema. "Ya ndege ni bora. Ilikuwa bora, na ni bora mpaka leo."

Akafungua fundo la nguo aliyovaa, akatoa kipande kilichokunjwa, akakitandaza kwenye ubao karibu na jora jipya. Ndege wawili, mmoja wa buluu iliyokolea, mmoja amepauka. Balbina akainama kutazama. Akapitisha kidole kwenye tundu, akauliza kwa sauti ya msichana anayetafuta la kusema mbele ya mkwe, "Hapa pameliwa na panya, mama?"

"Ni risasi," Siwema akasema. "Papase ukingo wake. Umeona? Hakuna uzi uliofumuka. Nguo hii alikuwa amevaa mwanangu Tamimu."

Hakuwa amelitaja jina hilo mbele za watu tangu siku ile ya yowe. Hermenegildi akatoka nje, akasimama juani akiwapa mgongo. Balbina aliondoa kidole chake upesi, akasogeza mkono kwenye nguo ya birika, akasema itamtosha hii, itamtosha kabisa.

Siwema akaushika mkono ule akaurudisha.

"Usimwogope ndege," alisema. "Ndege hana kosa. Alisema nguo ni nzuri, na nguo ni nzuri. Mimi ndiye niliyemwuliza habari za maji."

Sadallah aliinamisha macho. Kisha akalishika jora, akaanza kupima kwa mkono wake kutoka kiwiko mpaka ncha ya kidole, na alipofika mwisho wa doti akauliza kwa sauti ndogo kama amkate ndege au amwache. Siwema akamwambia amwache. Nguo ilipokatwa aliichukua, akamzungushia Balbina palepale dukani ili aone urefu, akaigeuza ndege akaelekea ndani, kwenye ngozi, akaifunga begani. Akamwambia akifika nyumbani aifue yote, asiruke mahali.